Land Rover 109 au Unimog 404: kama unakaa Tanga uanze na lipi?

"Shikamoo mjomba, nna hela ya gari moja tu, nichukue hiyo Land Rover 109 iliyopo Pongwe au nivumilie niagize Unimog?"

Kaniuliza kijana mmoja wa Makorora wiki iliyopita, baba yake tulikaa mtaa mmoja zamani. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikawa ndefu sana, afu nikaona bora niandike kabisa maana sio yeye peke yake, sa hivi vijana wengi wanapenda haya magari ya zamani ya jeshi, na wengi wanaanza kwa picha, anapenda umbo, ananunua, mwaka wa pili gari lipo juu ya matofali nyuma ya nyumba limeota majani, mwaka wa tatu mtu wa skrepa anapita na mzani wake na grainda na ndo historia ya lile gari imeisha. Inaniuma sana hii. Hayatengenezwi tena.

Mie yote mawili nimeyashika. 109, ile Land Rover ndefu (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ni yangu, mwaka wa nane huu, na Unimog 404, lori dogo la Mercedes, ni ya rafiki yangu yupo Korogwe, tumeifungua pamoja na kuifunga pamoja. So ntasema nilichokiona kwa mikono yangu.

Naanza na kutu kwa sababu tupo Tanga. Hapa kwetu gari linakufa likiwa limesimama. Kusi likianza kuvuma, kama unakaa Raskazone au popote karibu na bahari, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo cha gari utakuta utando wa chumvi, na hiyo chumvi haiishii kwenye kioo, inaingia kwenye kila tundu, inakaa humo na unyevu wake inakula taratibu. Mtu wa Iringa anaweza kuchagua gari kwa injini. Wewe wa Tanga chagua kwa kutu kwanza, na hapo ndipo haya magari mawili yanapotofautiana kuliko sehemu nyingine yoyote.

Land Rover ilitoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ndo imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, alumini ndo ilikuwa inapatikana, wakatengenezea bodi. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ikabaki ya chuma, na ule ukuta wa mbele unaobeba dashbodi na bawaba za milango nao chuma. Mpango huo ukaendelea mpaka hizi 109 tunazoziona, hizi za Series III (toleo la tatu) zilizotengenezwa 1971 mpaka 1985. Matokeo yake ni kwamba unasimama mbele ya gari la miaka arobaini na kitu, bodi imenyooka, hakuna tundu hata moja, unasema hili gari zima. Kumbe ugonjwa upo chini. Na mbaya zaidi chesisi yake ni boksi lililofungwa pande zote nne, bati la milimita 2 hivi, kwa hiyo linaoza kutokea ndani kuja nje, siku unayoiona kutu kwa macho ujue ndani hamna kitu tena.

Yangu niliinunua kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Ilikuwa bandani, chini imepakwa lami nyeusi inang'aa, nikafurahi nikajua jamaa alikuwa anaitunza. Nikailipia, nikaikokota mpaka nyumbani. Fundi wangu ni mzee mmoja wa Ngamiani, namwita Babu, alipokuja kuiona hakusema neno, alichukua nyundo ndogo akalala chini akaanza kugonga chesisi kuanzia mbele, ngo, ngo, ngo, alipofika karibu na springi ya nyuma sauti ikabadilika ikawa pu, akagonga tena na nyundo ikazama ndani. Akatoka akajifuta mikono akanambia, "Mjukuu wangu, hapa hamna chuma, hii ni lami tu." Miezi tisa tulichomelea. Boriti ya nyuma kabisa inayoshika ndoano ya tela tuliikata tukatengeneza mpya, mikono minne ya pembeni inayobeba bodi tulibadilisha, na chini ya ule ukuta wa mbele, pale miguuni kwa dereva, tulikuta vumbi jekundu. Aliyeniuzia simlaumu sana, kosa ni kwamba sikwenda na nyundo.

Kuna na hili la alumini kugusana na chuma. Ukiwa na chumvi katikati, alumini ndo inayoliwa, utaona unga mweupe pale kwenye ribiti na kwenye kona za milango, rangi inavimba kama malengelenge. Dawa yake ni kutenganisha, tulifungua kila paneli tukapaka praima pande zote mbili na kuweka vipande vyembamba vya mpira kabla ya kufunga bolti. Kazi ya kuchosha lakini mpaka leo haijarudi.

Sasa Unimog. Hii ni ya Mercedes, 404 walianza kuitengeneza 1955 wakaacha 1980, zilitoka zaidi ya elfu sitini na nyingi zilikwenda kwenye majeshi, jeshi la Ujerumani Magharibi ndo lilikuwa mteja mkubwa. Kebini yake ni chuma chote. Kwa hiyo inaoza, na inaoza kweli, sakafu, chini ya milango, matao ya tairi, kona za kioo cha mbele. Ila inaozea machoni pako. Chesisi yake ni mikono miwili yenye umbo la U iliyo wazi, ukiinama na tochi unaona ndani na nje, unaweza kukwangua kwa brashi ya waya kila sehemu na kupaka rangi kila sehemu, na chuma chenyewe ni kinene. Ile ya Korogwe kebini ilikuwa mbaya mpaka mlango wa abiria ulikuwa unafungwa kwa kamba, lakini chesisi tuliipiga brashi ikatoka chuma kizima, hatukuchomelea hata sehemu moja. Yaani 109 inakuficha ugonjwa, Unimog inakuonyesha. Kwa mtu anayeanza hii ni tofauti kubwa sana, na kama hadithi ingeishia kwenye kutu ningesema chukua Unimog.

Haiishii hapo lakini.

Spea. 109 unavunja kitu jumamosi asubuhi, mchana umekipata au umepata kinachofanana nacho, kama sio Tanga mjini basi unampigia mtu Dar anaenda Kariakoo au Gerezani anakutumia kwenye basi, jioni unakipokea stendi. Masta silinda, bushi, klachi, gasketi, sili, springi zile za majani ambazo wahunzi wetu wanazitengeneza hata kwa macho yaliyofumbwa. Tairi zake ni 7.50-16, saizi ile ile ya Land Cruiser za kazi, duka lolote kubwa la tairi wanayo. Hii nchi imelelewa na Land Rover, mashamba, misheni, polisi, hospitali, kila wilaya kuna mzee mmoja anayeijua gia boksi yake kwa kuisikiliza tu. Na hao wazee ndo spea muhimu kuliko zote, sikiliza ninachokwambia, wanaondoka mmoja mmoja.

Unimog utaagiza. Tairi zake ni 10.5-20 au 12.5-20, usitegemee kuzikuta Tanga. Kila gurudumu lina gia zake peke yake ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), ndo maana tumbo la gari lipo juu sana, karibu sentimita 40 kutoka chini, na kila habu ina oili yake na sili zake, kwa hiyo ukihesabu difu mbili, habu nne, gia boksi na injini una sehemu nane za kukagua oili, na sili ikichoka oili inaingia kwenye breki. Tulisubiri sili za mbele wiki saba. Gari lipo juu, limefunguliwa, vipande vimefungwa kwenye magazeti na kuandikwa namba, na sisi tunasubiri. Kama wewe ni mtu wa kukata tamaa mradi ukisimama, Unimog itakukatisha tamaa.

Umeme nao. 109 nyingi ni volti 12, betri yoyote ya gari dogo inaiwasha, isipokuwa zile zilizotengenezwa maalum za kubeba redio ambazo ni volti 24. Unimog ya jeshi ni volti 24 na mfumo wa plagi umefunikwa wote kwa chuma ili usiingiliane na redio na usiingie maji, plagi zake sio za kawaida na bei yake sio ya kawaida. Wengi wanaishia kubadilisha kuwa volti 12. Rafiki yangu alikataa kubadilisha, anataka ibaki kama ilivyotoka, na namheshimu kwa hilo.

Injini sitakaa sana. Ya 109 nyingi ni silinda nne, petroli au dizeli, cc 2,286, nzito, polepole, haina siri, ukiwa na spana za kawaida na uvumilivu unaishusha na kuipandisha mwenyewe. Nyingi utakazokuta huku zimeshafungwa injini nyingine ya dizeli ya Kijapani, usilidharau gari kwa ajili hiyo, hiyo injini ndo imelinusuru lisikatwe. Ya Unimog ni silinda sita petroli, lita 2.2, ukoo mmoja na zile za Mercedes 220 za zamani, laini sana, inaimba vizuri, nguvu farasi 82, ila inakunywa. Kwenye lami hesabu kilomita nne kwa lita au tano ukijitahidi, ukipanda milima ya Amani kwa gia za chini sahau hiyo hesabu. 109 ya petroli nayo sio mtakatifu, tano sita hivi, lakini ya dizeli inavumilika.

Nafasi watu hawaifikirii. 109 inaingia kwenye uwanja wa nyumba ya kawaida, bodi inafunguka kwa bolti, watu wanne mnabeba paa, wawili mnabeba madigadi ya mbele. Unimog ni karibu tani tatu na upana zaidi ya mita mbili, kwenye vichochoro vya Ngamiani haipiti, na ukiiinua unahitaji jeki ya lori na magogo ya maana, matofali ya saruji yanapasuka ghafla bila kutoa ishara, usilale chini ya gari lililokaa juu ya tofali hata dakika moja. Na kwenye 109 ujue hendibreki inashika shafti ya nyuma ya gia boksi, haishiki magurudumu yenyewe, ukiinua gurudumu moja la nyuma gari linaweza kutembea hata kama umeivuta, weka kabari kwenye tairi za mbele kila mara.

Kabla sijasahau dawa ya kutu ambayo ni yetu kabisa. Molasi, ile wanayonunua wafugaji kwa ajili ya ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza bolti, bawaba, brake drum, chochote cha chuma, acha wiki mbili tatu, inanuka na inatoa povu, ukitoa na kuosha unakuta chuma cha kijivu kisafi bila kukwangua. Kausha haraka na paka praima siku hiyo hiyo la sivyo jioni imeshaanza tena. Usiweke alumini humo, itaharibika. Hii imetusaidia sana kwenye Unimog kuliko 109 kwa sababu kwenye Unimog karibu kila kitu ni chuma. Oili chafu watu wanapaka chini ya gari, inasaidia kidogo ila inalainisha mipira ya bushi na inachafua udongo, mie niliacha.

Karatasi. 109 iliyopo nchini tayari, cha kwanza ni kadi, na namba ya kwenye kadi iwe ile ile iliyogongwa kwenye chesisi, kwa Series III itafute mbele kulia pale springi inaposhikia, kwangua rangi uisome kwa macho yako. Kama muuzaji anasema ni ya jeshi basi lazima kuwe na karatasi za mnada au za kuondolewa kazini, zisipokuwepo ondoka, hata kama gari ni zuri kiasi gani. Unimog ya kuagiza utakutana na ushuru wa forodha na juu yake ule wa uchakavu unaopiga magari yaliyozidi miaka minane, kaa na wakala wa forodha akupigie hesabu yote kabla hujatuma hata senti nje. Nimeona mtu gari limefika bandarini na hela imeisha.

Afu sio kila 109 ya kijani ilikuwa ya jeshi. Zile za jeshi la Uingereza kwa mfano zina alama zake: bampa ndogo mbili za nyuma zenye mpira, pete za kunyanyulia, matenki mawili ya mafuta chini ya viti, vishikio vya koleo na sururu, ndoano kubwa ya tela inayozunguka, na kuna kataa kadogo chini nyuma kanakomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe, ili usiku kwenye msafara dereva wa nyuma aone ile difu tu bila adui kuona taa. Mie nikikuta hako kataa nasimama nalitazama gari kwa dakika kadhaa. Kuhusu rangi na mavazi niwe wazi: magwanda ya jeshi kwa raia ni marufuku hapa, alama za jeshi na namba zake usiziweke kabisa, na kabla hujapaka kijani cha jeshi pita kituo cha polisi uulize. Yangu nimeipaka rangi ya mchanga na siku zote nipo na kadi.

Kuna mtu atauliza kwa nini tunahangaika na haya magari. Mie nakaa mji ambao Novemba 1914 Waingereza walishusha askari kama elfu nane, wengi Wahindi, wakapigwa na askari elfu moja hivi wa upande wa Mjerumani, mpaka nyuki wakaingia vitani. Makaburi yapo, yaangalie. Lakini kilichoniingia mie zaidi ni baada ya hapo, vita ile ilipoingia bara ndorobo, yaani mbung'o, waliua punda na farasi, mizigo ikabebwa na watu, mamia ya maelfu ya wapagazi, kichwani, na waliokufa njiani ni wengi sana. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, hao wapagazi. Kwa hiyo nikifunga kitenki cha mafuta kwenye gari la mizigo la jeshi na spea yenyewe imetoka Kariakoo, nawafikiria hao wazee. Ila tafadhali, usichimbe kwenye maeneo ya vita kutafuta risasi na mabaki, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na risasi ya miaka mia bado inaweza kulipuka.

Kama hela haitoshi kwa gari lolote kati ya haya, anza na vitu vidogo, sio aibu. Madumu ya chuma ya lita 20, yale yenye mishikio mitatu, Wajerumani waliyabuni miaka ya 1930 na Waingereza wakayaiga, mishikio mitatu ili mtu mmoja abebe manne matupu au watu wawili washirikiane moja lililojaa. Mengi yamegongwa mwaka kwenye chuma chake. Nimepata la 1944 kwenye banda la kuku Mabanda ya Papa, mama mwenyewe alikuwa analitumia kuegeshea mlango, nikamnunulia jipya la plastiki na hela juu. Turubai, masanduku matupu, tela. Redio za jeshi ni nzuri kuzitengeneza lakini zinazorusha mawimbi zinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ile jipu ya Willys ya 1941 mpaka 1945 ni ndoto ya kila mtu na spea zake mpya bado zinatengenezwa nje mpaka leo, ila original kuikuta huku ni bahati, usiisubiri hiyo.

Kwa hiyo nilimjibu hivi yule kijana. Kama ni gari lako la kwanza, unafanyia uwanjani kwa mama, una spana za kawaida na unataka siku ya idi uliendeshe mpaka Pangani na kurudi, chukua 109, ila kwa chesisi tu, bodi isikudanganye, hata yenye bodi iliyobondeka na chesisi nzima ni bora mara kumi. Kama una gari lingine la kutembelea, una banda lenye paa, mpo wawili au watatu mnaochangia, na mnaishi mbali kidogo na bahari, Unimog itawapa raha ambayo 109 haina, ile kupanda kilima cha matope umefunga difu zote mbili ili tairi zote nne zizunguke pamoja, huku tairi zinatambaa taratibu hakuna kinachofanana nayo. Mie mwenyewe moyo wangu upo kwenye Unimog na mikono yangu ipo kwenye 109, na ningekuwa naanza leo hapa Tanga bado ningenunua 109.

Jana kaenda Pongwe na nyundo na tochi. Kanitumia video, chesisi inalia ngo ngo ngo vizuri kuanzia mbele mpaka kwenye springi za nyuma, sauti nzima kabisa, boriti ya nyuma ina tundu moja la kuingiza kidole gumba. Nimemwambia arudi kesho afungue zulia la miguuni kwa dereva, anipigie picha ile kona ya ukuta wa mbele, na asitoe hela mpaka niione.